Jedwali Lenye Jina Langu

Nimesema uongo mmoja mara mbili maishani mwangu, na mara ya pili ilikuwa Jumamosi iliyopita, kanisani, mbele ya jeneza. Neema, binti wa marehemu, alikuwa amenipigia simu siku mbili kabla ya mazishi. Anakielewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, kama watoto wetu wengi hapa Sydney. "Auntie Kerubo," akaniambia, "you were with Mum the year she was at uni. Say something, please." Nikakubali upesi, maana mtu akikataa ombi la msiba huulizwa sababu. Basi nikasimama na gauni langu jeusi nikawaambia Wakongo na Wakenya waliojaa kanisani kwamba mimi na Mama Neema tulisoma uuguzi pamoja mwaka mmoja, kwamba tuliishi nyumba moja, na kwamba nilibahatika kumfundisha kutafuta makala za utafiti kwenye kompyuta. Watu wakaitikia kwa "amina". Nilipoketi, mama mmoja wa Kikongo akanishika mkono akaniambia Mungu atanilipa. Hilo ndilo ninaloliogopa. Ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyenifundisha mimi, na mimi ndiye niliyemtoa chuoni. Kanisani sikuweza kuusema, kwa hiyo nauandika hapa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwanafunzi wa mwaka wa pili kwenye chuo kimoja huko Parramatta, nina viza ya masomo na ulimi mwepesi wa Kiingereza. Mama Neema alikuwa na thelathini na tisa. Kwao Bukavu alikuwa muuguzi kwa miaka kumi na miwili, ameshika wodi nzima ya upasuaji, anapigiwa simu na madaktari wanaomwogopa. Kisha vita, kisha kambi, kisha Australia, na huku wakamwambia vyeti vyake havitoshi, aanze upya darasani na vijana wanaofundishwa jinsi ya kuvaa glavu. Akaanza upya. Muhula wa kwanza akafeli somo moja, si kwa kutojua ugonjwa bali kwa insha za Kiingereza, na chuo kikamwandikia barua kwamba akifeli jingine atapoteza nafasi yake. Barua hiyo mimi ndiye niliyemsomea na kumtafsiria, mezani kwake, mstari kwa mstari. Naitaja hapa ili mtu asije akafikiri kwamba sikujua.

Nilikuwa nimepanga chumba kidogo katika nyumba yake huko Cabramatta, ghorofa ya pili, juu ya duka la mikate la Wavietnamu. Asubuhi harufu ya mikate ilipanda hadi kitandani, na mchana ilikuwa zamu ya jikoni kwetu kuwarudishia harufu ya samaki wa chumvi. Meza ya jikoni ilikuwa na kitambaa cha plastiki chenye maua ya njano, kimeungua pembeni kwa sufuria. Mama Neema alinunua matembele sokoni kwa kuyaonyesha kwa kidole, yeye na muuzaji hawana lugha hata moja ya kuelewana, na bado kila wiki alirudi ameongezewa fungu. Kwa ajili ya sombe alinunua kisamvu kilichogandishwa, akakipika saa tatu nzima. "Ninyi Wakenya munakulaka majani bila kutwanga, sawa mbuzi," aliniambia siku ya kwanza niliyompikia sukuma wiki. Nami nikamjibu kwamba wao wanayatwanga mpaka majani yanasahau kwamba yalikuwa majani. Akacheka mpaka akashika kiuno. Sikuwa nimecheka na mtu tangu niingie nchi hii, na nilimpenda, jambo ambalo halinisaidii chochote sasa.

Somo lililotukutanisha mezani lilikuwa la utafiti kwa wauguzi. Kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua swali moja la huduma kwa mgonjwa, atafute kwenye zile database za afya, hazina za makala za utafiti ambazo maktaba ya chuo imezilipia, kisha aandike mapitio ya alichokipata. Lakini mwalimu wetu, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, hakuridhika na mapitio tu. Alitaka jedwali la utafutaji: tarehe, database gani, maneno gani uliyoandika, zilitoka makala ngapi, ulizitupa zipi na kwa nini. Jedwali lilikuwa na nusu ya alama. Mkutubi alitupa saa nzima ya kutuonyesha kwamba database si kama kuuliza simu yako swali, kwamba inataka maneno yaliyofikiriwa, yaunganishwe, yabadilishwe, yajaribiwe tena. Vijana wengi walikuwa wanatazama simu zao. Mimi nilishika haraka, na nikarudi Cabramatta nikijiona fundi.

Swali alilichagua yeye: vidonda vya kulalia. Nililiona swali la kizee, lisilo na fahari, lakini nilikuwa sina langu. Jumamosi ya kwanza, baada ya chakula cha mchana, nikafungua kompyuta yangu mezani, nikaandika maneno niliyofundishwa, zikatoka makala nyingi hata nikafurahi. Mama Neema alikuwa anachambua matembele, akaniambia nimsomee. Nikasoma kwa sauti, nikitafsiri: dalili ya kwanza ni wekundu wa ngozi usiopotea ukibonyezwa. Mikono yake ikasimama.

"Wekundu?" akasema. "Weye, Kerubo, ku ngozi yetu utaona wekundu wapi?"

Nikasema ndivyo vitabu vinavyosema. Akaukokota mguu wangu, akauweka juu ya paja lake pamoja na majani yote, akanibonyeza kisigino. "Sisi tulikuwa tunaweka mukono. Kama pako moto kupita pengine, ao pagumu, ao pamelegea sawa papai ya kuiva, kidonda kiko njiani. Ukingoja wekundu, mugonjwa ataoza wee unaangalia tu." Kisha akaniachia mguu. "Tafuta ile."

Nikamwambia hakuna atakayekuwa ameiandikia makala. Akasema ipo, ila mimi ninatafuta kwa maneno ya watu wasiojua. Akaanza kunipa maneno yake kwa Kiswahili na Kifaransa, nami nikayatafutia Kiingereza: joto, ugumu, uvimbe, rangi ya ngozi, ngozi nyeusi. Mwisho akanipa neno décubitus, akasema ndivyo walivyofundishwa shuleni. Nilicheka. Nikamwambia hicho ni Kifaransa, mama, na kompyuta hii inasoma Kiingereza. "Andika tu," akasema, bila kuinua macho. Nikaliandika ili nimkomoe. Zikafunguka makala za zamani ambazo maneno yangu ya kisasa hayakuzigusa hata moja, kwa kuwa wauguzi wa kizazi kile, hata Waingereza, ndivyo walivyokiita kidonda hicho. Na humo, katikati ya makala ambazo bila shaka hazikuwa zimefunguliwa na mtu kwa miaka, walikuwamo watu walioandika alichoniambia: kwamba wekundu humdanganya muuguzi kwenye ngozi nyeusi, aweke mkono. Nilipiga kelele ya furaha. Yeye hakushangaa, alikuwa amerudi kwenye matembele yake.

Tulifanya kazi hiyo Jumamosi tano. Yeye alisema, mimi niliandika kwenye kompyuta, kisha nikanakili kila hatua kwenye daftari moja lenye jalada la bluu. Hata utafutaji ulioshindikana alitaka uandikwe. "Andika na ile tulikosa," alisema, "kesho mwingine asipotee njia ile ile." Alikuwa na nidhamu ya wodi, ya mtu aliyezoea kukabidhi zamu kwa mwenzake bila kuficha kitu. Mara nyingine nilichoka nikataka kubuni idadi, akanirudisha nihesabu upya. Siku moja nikiwa chumbani nilimsikia akiongea na dada yake kwa simu, sauti yake imejaa nyumba. "Niko na mudogo yangu hapa, Mukenya. Anajua Kiingereza sawa muzungu. Tutamaliza wote wawili." Nilijiviringisha kwenye blanketi kwa majivuno. Nikilikumbuka lile blanketi leo naona aibu mpaka masikioni.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, na lilikuwa la kwetu hasa. Kila mmoja aliandika mapitio yake kwa maneno yake; yake mafupi na yamenyooka, yangu marefu na yamepambwa. Lakini utafutaji ulikuwa mmoja, kwa hiyo jedwali likawa moja. Wenzetu wa hapa wangeona jambo la kwanza la kufanya ni kulibadilishabadilisha, hili juu hili chini, ili yaonekane majedwali mawili. Sisi hata hatukuliwaza hilo. Mimi nimetoka shule ambako kusoma peke yako ni uchoyo, mwenye kitabu husoma kwa sauti na darasa zima hupona. Yeye ametoka wodi ambako daftari la zamu ni moja kwa wauguzi wote. Kuandika majedwali mawili ya safari moja ndiko kungekuwa kudanganya. Hata hivyo aliniuliza. "Inaruhusiwa, wote wawili kuweka jedwali moja?" Mimi nilikuwa nimesoma mwongozo. Ulisema kila mtu na kazi yake. Nikamwambia, "Inaruhusiwa, mama. Si tumetafuta pamoja?" Akataka chini ya jedwali tuandike majina yetu yote mawili. Nikamwambia asiandike langu, atawachanganya tu. Akatii, kwa sababu mambo ya Kiingereza yalikuwa yangu.

Wiki tatu baadaye tuliitwa chuoni kujieleza. Kwenye treni ya kwenda Parramatta alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, mkoba umewekwa magotini. Tulikubaliana tuseme jinsi ilivyokuwa. "Kweli haiombi Kiingereza mingi," alisema, nami nikamwitikia. Naapa kwamba hadi tulipopanda ngazi nilikuwa nimekusudia hivyo.

Chumba kilikuwa kidogo, ukuta mmoja wa kioo, jagi la maji na boksi la tishu mezani, tishu moja imevutwa nusu tayari kwa atakayelia. Walikuwapo mwalimu wetu na bwana mmoja anayeshughulikia nidhamu ya masomo. Majedwali yetu yalilazwa pamoja, na ungefikiri ni nakala za karatasi moja. Bwana yule akaeleza kwa upole kwamba kama mmoja alinakili kwa mwenzake, atafeli aliyenakili. Kama walishirikiana, watafeli wote wawili. Kisha akafungua faili langu, akasema anasikitika kunikumbusha kwamba kufeli kunaweza kugusa viza yangu. Nikaanza hesabu ile ambayo nimeirudia kichwani miaka yote: mimi naweza kurudishwa Kenya, yeye hawezi kurudishwa popote, nchi imempokea, ana makaratasi ya kudumu, atapata njia nyingine. Barua yake niliyomtafsiria kwa mdomo wangu nikaitoa kwenye hesabu.

"Ni nani aliyefanya utafutaji huu?" akauliza.

"Ni mimi," nikasema. Vidole vilikuwa vyangu.

"Na mwenzako ameupataje?"

"Tunaishi nyumba moja," nikasema. "Daftari langu hukaa mezani jikoni."

Hakuna neno hapo ambalo mtu angeweza kulishika akasema ni la uongo. Nilijivunia hilo, Mungu anisamehe, kwa dakika moja hivi nilijivunia. Mwalimu akamgeukia Mama Neema, akamuuliza taratibu kama anaweza kueleza kwa nini neno decubitus limetumika. Uso wake ukafunguka, kwa kuwa ameulizwa kitu anachokijua. "Decubitus, it is me," akasema. "In my school. The hand, we put the hand." Akainua kiganja chake hewani, akakibonyeza kwenye hewa ile, na hapo Kiingereza kikamwishia. Wale wawili wakasubiri kwa adabu. Akanigeukia.

"Baambie, Kerubo," akasema. "Baambie vile tulifanya. Weye unajua."

"Anasema nini?" bwana yule akaniuliza.

Nilikuwa na kila neno la Kiingereza lililohitajika. Nilikuwa nayo mengi kuliko chumba kizima kilivyohitaji.

Nikajibu kwamba anaomba radhi: "She says she's sorry."

Neno sorry alilijua. Hakuna mhamiaji asiyelijua, ndilo la kwanza. Nikamwona analisikia, nikamwona anarudisha kiganja chake mapajani na kukifunika kwa kile kingine. Mwalimu akaandika kitu. Kwenye treni Mama Neema alikaa kiti cha mbele yangu, kanipa mgongo. Nyumbani alipika kama kawaida, akanipakulia, maana kwao mtu hanyimwi chakula kwa kosa. Nilipomaliza kula ndipo akafungua mdomo. "You find another house," akasema. "Two weeks." Ilikuwa mara ya kwanza kuniambia jambo kwa Kiingereza. Nikaanza kumwomba msamaha kwa Kiswahili, akainuka akafungua bomba la maji juu ya vyombo.

Alifeli, nafasi yake ikaenda. Mimi nilipata alama za juu sana, na mwaka uliofuata maktaba ikaomba ruhusa ya kuliweka jedwali langu kwenye ukurasa wa wanafunzi wapya, kama mfano wa utafutaji mzuri. Nikatia sahihi. Lilikaa pale miaka mingi, na jina langu juu yake. Yeye alikwenda kwenye ghala moja huko Wetherill Park, akapanga masanduku mpaka magoti yakachoka. Mimi nikasajiliwa, nikapanda, sasa ni msimamizi wa wodi na ninafundisha wauguzi wapya. Nawaambia wasingoje wekundu, waweke mkono, na wao wananiandika kwenye madaftari yao kama mtu mwenye hekima. Mara mbili tatu nimetaka kusema hekima hii ni ya nani. Kisha mtu huuliza swali jingine na somo huendelea.

Kilichonitesa si kwamba alinisema, bali kwamba hakunisema. Hakumwambia mchungaji, hakuwaambia wamama wa kanisa, hakumwambia hata Neema. Nilingoja mwaka mzima nitengwe, nikawa nakwenda ibadani kama mtu anayekwenda kuchukua majibu ya vipimo, na watu wakaendelea kunikumbatia. Tulipokutana sokoni Cabramatta alinisalimia mbele za watu. "Good morning, sister. How is work?" Mimi hujibu kwa Kiswahili, naye huendelea kwa Kiingereza chake kilichovunjika, akitafuta neno, akilikosa, akisubiri mpaka alipate, kuliko kunigawia hata "habari". Na wenzake wamesimama hapo hapo, anageuka anawaeleza bei ya samaki kwa Kiswahili kitamu cha Bukavu, anacheka. Wao walidhani anafanya mazoezi ya Kiingereza kwa mtu aliyesoma. Ilikuwa hivyo kwa miaka yote, hata baada ya nywele zetu kuingia mvi, na sikuzoea.

Majira ya baridi yaliyopita aliletwa hospitalini kwetu, kwenye wodi yangu. Nililiona jina kwenye orodha nikaenda choo cha wafanyakazi nikakaa. Ugonjwa ulikuwa umemla, na Kiingereza, kilichoingia mwisho, ndicho kilichokuwa kinatoka kwanza. Nilijiambia sasa hana pa kujificha, atanisikia kwa lugha yetu, na kama atanitukana atanitukana kwa lugha yetu. Nikangoja mchana, wakati wa utulivu, Neema amekwenda kutafuta kahawa. Mle chumbani alikuwamo mfanyakazi wa usafi, dada wa Kirundi, anapiga deki taratibu huku wanaongea kwa Kiswahili kuhusu mvua. Nikasimama miguuni pa kitanda. "Mama Neema," nikasema, "ni mimi, Kerubo. Kuna jambo nataka kukuambia." Akanitazama. Midomo yake ikaanza kutafuta, nikaona kabisa anatafuta neno la Kiingereza, lolote, na halikuja. Akafumba macho. Nilidhani sasa atanijibu kwa lugha yetu.

Akamgeukia yule dada mwenye dekio. "Dada yangu," akasema, "ambia nurse atoke. Nataka kulala."

Yule dada akacheka kwa haya, akanitazama, akamtazama. "Lakini mama, si huyu anajua Kiswahili? Amekisema sasa hivi."

"Hapana," akasema Mama Neema. "Huyu hajui."

Dada yule akaegemeza dekio ukutani, akafuta mikono kwenye aproni, akanitafsiria kwa Kiingereza maneno yote aliyoyasema mgonjwa, bila kuongeza wala kupunguza.